Rama Raya, Mkwe wa Mfalme

Safari hii tunawaletea habari za mtu aliyeitawala nchi kubwa kwa zaidi ya miaka 20 ilhali mfalme mwenye taji alikuwa mtu mwingine. Aliitwa Rama Raya, na katika Bara Hindi ya kusini anakumbukwa hata leo kwa jina la Aliya Rama Raya. Neno aliya katika lugha ya Kikannada maana yake ni mkwe. Jina hilo lamfaa kweli, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa maisha ya ukwe, udugu na urafiki, uliofungwa leo na kufunguliwa kesho. Kwa ukwe alipanda, na kwa ukwe wa watu wengine akaanguka. Alipoanguka, mji mzima ulianguka pamoja naye.

NCHI NA MAJIRANI

Kabla ya kumfuata mwenyewe, yafaa kwanza tuione nchi. Katikati ya Bara Hindi upo uwanda mpana wa juu uitwao Deccan. Mito miwili mikubwa yaupitia, Krishna upande wa kaskazini na Tungabhadra upande wa kusini. Kati ya mito hiyo ipo ardhi nzuri ya Raichur, yenye ngome imara, na kwa muda wa miaka 200 wafalme waliigombania ardhi hiyo kama ndugu wagombaniavyo shamba la marehemu baba yao.

Kusini ya Tungabhadra, katikati ya vilima vya mawe makubwa ajabu, ulisimama mji wa Vijayanagara, maana yake Mji wa Ushindi, uliojengwa katika karne ya 14. Wafalme wake walikuwa Wahindu. Kaskazini palikuwa na usultani mmoja wa Bahmani, lakini ilipofika karibu mwaka 1500 usultani huo ulikuwa umevunjika vipande vitano: Ahmadnagar, Bijapur, Golconda, Bidar na Berar. Watawala wake walikuwa Waislamu.

Mara nyingi habari za nchi hiyo zimesimuliwa kana kwamba Wahindu walikaa upande huu na Waislamu upande ule, wakingojea siku ya kupigana kwa ajili ya dini. Matendo yao wenyewe hayaonyeshi hivyo. Masultani walipigana wao kwa wao miaka nenda miaka rudi. Aliyeelemewa alituma wajumbe kwa yeyote mwenye askari, bila kuuliza anasali wapi. Vijayanagara ilikuwa na wapanda farasi na majemadari Waislamu, na masultani walikuwa na makarani na makapteni Wahindu. Mtu aliweza kumtumikia bwana mmoja mwaka huu na adui wa bwana huyo mwaka ujao. Katika ulimwengu huo ndimo Rama Raya alimokulia.

UJANA WAKE

Alizaliwa katika ukoo wa Aravidu, ukoo wa askari. Masimulizi ya Golconda yanasema kwamba kazi yake ya kwanza hakuifanya kwa mfalme wa Kihindu, bali kwa Sultan Quli, aliyeuanzisha usultani wa Golconda. Sultani alimkabidhi wilaya moja ailinde. Baada ya miaka michache jeshi la Bijapur likaivamia wilaya hiyo, na Rama Raya akakimbilia Golconda kuokoa roho yake. Sultan Quli alimwona kuwa mwoga, akamfukuza kazi.

Twaweza kufikiri kijana yule aliondoka na moyo wa namna gani. Alikwenda kusini, akaingia katika utumishi wa Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara, aliyetawala kuanzia 1509 mpaka 1529. Huyo alikuwa mfalme hodari kuliko wote waliomtangulia. Mwaka 1520 aliwashinda watu wa Bijapur na kuiteka Raichur. Yule kijana aliyefukuzwa Golconda alimpendeza mfalme, hata akamwoza binti yake. Tangu hapo akawa aliya, mkwe.

Krishnadevaraya alipofariki, taji lilikwenda kwa ndugu yake Achyuta. Rama Raya hakupendezwa, lakini ilimbidi asubiri, naye alijua kusubiri. Alikusanya marafiki, akawaweka jamaa zake katika vyeo, na sultani wa Bijapur alipowaachisha kazi askari wake wa kigeni, Rama Raya akawaajiri wengi wao. Mwaka 1542 Achyuta naye akafa, akamwacha mtoto mdogo. Mjomba wa mtoto huyo alimwua na kujitwalia ufalme. Hapo Rama Raya na ndugu zake wawili, Tirumala na Venkatadri, wakaondoka na jeshi, wakamshinda yule mwuaji na kumwua, kisha wakamtawaza mtu wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Sadasiva.

Sadasiva alivikwa taji, na maandishi ya serikali yaliendelea kutolewa kwa jina lake. Lakini jeshi, hazina na wajumbe vyote vilikuwa mikononi mwa mkwe. Miaka ilivyozidi kupita, ndivyo mfalme alivyozidi kufichwa, mpaka akawa kama mfungwa katika nyumba yake mwenyewe.

RAFIKI WA KILA MTU KWA ZAMU

Rama Raya aliwafahamu masultani vizuri kuliko mfalme yeyote wa Vijayanagara, maana alikuwa amekula chumvi yao. Akaona kwamba maadam wanagombana, yeye atakuwa salama, na kila agombanaye atalazimika kuja kumwomba msaada. Basi akaifanya hiyo kuwa siasa yake.

Mwaka 1543 Sultan Quli, mzee sasa, aliuawa, na mwanawe Jamshid akakikalia kiti chake. Mdogo wake, Ibrahim, alikimbia kuokoa maisha yake, akaja Vijayanagara. Rama Raya alimpokea vizuri, akampa ardhi ya kumtunza, na Ibrahim alikaa huko miaka 7. Alijifunza Kitelugu, akakipenda, na baadaye akawa mfadhili wa washairi wa lugha hiyo. Jamshid alipokufa mwaka 1550, Ibrahim alirudi Golconda akawa sultani, naye hakuusahau wema aliotendewa. Hivyo mtoto wa yule bwana aliyemfukuza Rama Raya sasa alikuwa mdeni wake.

Mwaka 1547 Rama Raya alifunga mkataba na Wareno. Hao ndio Wareno wale wale tunaowafahamu katika pwani yetu, ambao mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Goa walikuwa wameishika tangu 1510, na farasi wa vita kutoka Arabuni na Uajemi walishushwa katika bandari yao. Katika Deccan asiye na farasi hakuwa na jeshi. Rama Raya alipatana nao kwamba farasi watakaofika Goa wauzwe Vijayanagara, wala wasiuzwe Bijapur.

Tena aliungana na Burhan, sultani wa Ahmadnagar, ili kuipiga Bijapur, na mwaka 1552 ngome za Raichur na Mudgal zikawa zake. Baada ya miaka michache sultani wa Bijapur alipopata maasi nyumbani, Rama Raya akageuka, akamtuma ndugu yake Venkatadri kwenda kumsaidia. Adui wa jana akawa rafiki wa leo. Masultani walijua kwamba wanachezewa, lakini kila mmoja alimwogopa jirani yake kuliko alivyomwogopa Rama Raya.

MGENI ASIYESINDIKIZWA

Mwaka 1558 Bijapur ilipata sultani mpya, kijana aliyeitwa Ali Adil Shah. Wakati huo Rama Raya alikuwa amefiwa na mwanawe. Ali akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alipanda farasi na msafara mdogo tu, akasafiri mpaka Vijayanagara kuhani msiba. Rama Raya alimkaribisha kwa heshima, na mkewe akampokea kijana yule kama mwanawe wa kumlea. Mfalme wa Kiislamu akaitwa mtoto katika nyumba ya Kihindu iliyokuwa na msiba.

Mwanahistoria Firishta, aliyeandika katika nchi ya Bijapur yapata miaka 50 baadaye, anasimulia kwamba siku ya kuondoka kwa Ali, Rama Raya hakutoka kumsindikiza. Sisi sote twajua maana yake. Mgeni aliyekuja kukufariji msibani, tena uliyemwita mwanao, humwachi aende peke yake mpaka njia panda kana kwamba alikuja kudai. Ali hakusema kitu. Alikuwa anauhitaji msaada wa Rama Raya dhidi ya Ahmadnagar, na msaada huo aliupata. Lakini aliondoka na jambo lile moyoni.

Ahmadnagar ilikuwa sasa chini ya Hussain Nizam Shah, mwana wa Burhan aliyekuwa rafiki wa Rama Raya. Majeshi ya Vijayanagara na Bijapur yaliingia katika nchi ya Hussain na kuiharibu vibaya. Ibrahim wa Golconda naye alilazimika kwenda pamoja nao mara ya kwanza, ingawa moyo wake haukuwamo. Shabaha moja kubwa ilikuwa ngome ya Kalyana. Zamani za kale Kalyana ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Chalukya, na ukoo wa Aravidu ulijivunia kujihusisha na wafalme hao.

Hussain aliposhindwa, aliomba amani. Rama Raya alimtaka aitoe Kalyana, amwue jemadari wake mmoja hodari, kisha aje yeye mwenyewe hemani kupokea tambuu mkononi mwa Rama Raya, kama mdogo apokeavyo kwa mkubwa. Hussain akakubali yote, akaja. Firishta anasema kwamba alipokwisha kupeana mkono na Rama Raya, aliagiza maji akanawa. Rama Raya naye akaagiza maji akanawa. Funguo za Kalyana zilitolewa, na Rama Raya akazipeleka kwa Ali. Vita vilikwisha, lakini watu wawili walikuwa wamenawa mikono mbele ya majeshi yao, na hakuna mkataba uwezao kulifuta jambo kama hilo.

Wala hakuishia hapo. Vita vilipoanza tena, Rama Raya alichukua ngome na wilaya kutoka Bijapur, nchi ya yule aliyemwita mwanawe, na kutoka Golconda, nchi ya yule aliyekaa kwake miaka 7. Wajumbe wa masultani walikaa muda mrefu mlangoni pake kabla ya kuonwa. Mtu aliyepanda kwa kujua mioyo ya watu sasa alikuwa mzee mwenye nguvu, na hakuona tena haja ya kuichunga mioyo hiyo.

ARUSI ZILIZOLETA VITA

Ndipo likatokea lile ambalo Rama Raya alikuwa amelizuia kwa miaka 20. Masultani wakaanza kuoana. Ibrahim wa Golconda alikwisha kumwoa binti wa Hussain. Sasa ikabaki kuwapatanisha Hussain na Ali, maadui wakubwa kuliko wote. Hussain alimwoza Ali binti yake Chand Bibi, naye akaenda kwa mumewe pamoja na ngome ya Sholapur, ambayo nchi zile mbili zilikuwa zimeigombania kwa muda mrefu. Ali naye akamtoa dada yake aolewe na Murtaza, mwana wa Hussain. Sultani wa Bidar pia akajiunga nao. Berar peke yake haikuingia.

Ali aliwatuma wajumbe Vijayanagara kudai arudishiwe ngome zake. Walifukuzwa. Bila shaka majibu hayo ndiyo aliyoyatazamia.

Mwezi wa Desemba 1564 majeshi ya masultani wanne yalikusanyika karibu na mji wa Talikota, na kwa sababu hiyo vita hivyo huitwa vita vya Talikota, ingawa mapigano yenyewe yalikuwa mbali na hapo, ng'ambo ya mto Krishna. Rama Raya hakushtuka. Umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 70. Aliwatanguliza ndugu zake kwenda kulinda vivuko, kisha akaenda mwenyewe. Masultani walitembea siku kadhaa kando ya mto kana kwamba wanatafuta kivuko kingine, na walinzi wa upande wa pili wakawafuata. Usiku wakarudi upesi, wakavuka mahali pasipo mlinzi.

Walipigana mwezi wa Januari 1565, na tarehe itajwayo mara nyingi ni 23. Mwanzoni watu wa Vijayanagara walifanya vizuri, wakazisukuma nyuma pande mbili za adui. Katikati alikuwapo Hussain na mizinga yake, na yasimuliwa kwamba baadhi ya mizinga ilijazwa sarafu za shaba badala ya risasi, ikafyatuliwa watu walipokuwa karibu kabisa. Rama Raya alikuwa amechukuliwa katika machela. Ndovu mmoja wa vita aliwajia wachukuzi wake, nao wakaitupa machela chini wakakimbia. Mzee akakamatwa, akapelekwa kwa Hussain, na Hussain akaamuru akatwe kichwa papo hapo. Kichwa kikainuliwa juu ya mkuki ili jeshi lake likione. Kilipoonekana, vita vilikwisha.

MJI NA WATU WAKE

Venkatadri aliuawa vitani. Tirumala, aliyepoteza jicho moja, alirudi mbio mjini, akamchukua mfalme Sadasiva na hazina, akaipakia mali juu ya ndovu wengi, wakakimbilia ngome ya Penukonda upande wa kusini. Wenye mji hawakuwa na ndovu. Walikuwa wachonga mawe, wafuma nguo, wauza maua, wakulima wa mabondeni na walinzi wa mahekalu. Walikuwa wamezoea kusikia habari za ushindi tu, na kuta za mji wao zilikuwa hazijavunjwa na adui. Mji uliporwa na kuchomwa kwa muda wa miezi kadhaa. Mfanya biashara mmoja wa Venice, Cesare Federici, alikaa huko mwaka 1567. Aliona nyumba nyingi bado zimesimama, lakini tupu, na watu walimweleza kwamba wanyama wakali ndio wakaao ndani yake.

Na wale walioshinda? Hussain alifariki mwaka ule ule wa 1565. Haukupita muda, Ahmadnagar na Bijapur wakawa vitani tena, ijapokuwa walikuwa wameoleana pande zote mbili. Aliyebaki na sifa ni yule binti aliyetolewa kuwa kifungo cha mapatano. Chand Bibi alifiwa na mumewe mwaka 1580, na mwaka 1595 aliilinda Ahmadnagar, mji wa baba yake, dhidi ya majeshi makubwa ya Wamoghuli kutoka kaskazini. Mwisho aliuawa na askari wake mwenyewe, na mji ukatekwa mwaka 1600. Bijapur ilimezwa na Wamoghuli mwaka 1686, na Golconda mwaka 1687. Hakuna hata usultani mmoja uliosalia.

Mahali palipokuwa na Vijayanagara leo panaitwa Hampi, katika jimbo la Karnataka. Mwaka 1986 magofu yake yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huja kutoka nchi nyingi kutazama nguzo, mabirika na njia za soko zilizonyooka.

Tumewaletea habari hizi kwa sababu mara nyingi twadhani kwamba mambo makubwa huharibika kwa sababu kubwa. Rama Raya alikuwa na farasi, mizinga, hazina na akili nyingi. Alijua kwamba Ali hampendi Hussain, na Ibrahim humwogopa Ali, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa miaka 20. Kitu asichokitia katika hesabu ni jinsi watu wanavyokumbuka. Ali alikumbuka barabara aliyopita peke yake, Hussain alikumbuka tambuu na maji ya kunawa, na Ibrahim aliyekumbuka wema alipewa sababu ya kuusahau. Maadui hao hawakupendana, wala hawakupendana baadaye. Yeye ndiye aliyewapa jambo moja la kukubaliana.

Katika nyumba zetu, katika ukoo na katika ujirani, wako watu tuwaitao wana na ndugu kwa sababu tunawahitaji. Tujiulize siku wanapotuaga kama tunainuka kuwasindikiza hata hatua chache. Kazi hiyo haihitaji mali. Na siku tukiacha kuifanya, watakaolipa huenda wasiwe sisi. Pale Vijayanagara waliolipa walikuwa wachonga mawe na wauza maua, ambao hawakuulizwa neno lo lote.